Nilimpandisha Cheo Marehemu

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Mara ya mwisho nilikuandikia mume wangu alipoaga dunia, ukanijibu vyema, nami sikurudi hata kukushukuru. Leo naomba msaada tena, na safari hii mkosaji ni mimi.

Tulihitimu chuo cha ualimu hapa Iloilo, Ufilipino, mwaka 1967, tukiwa thelathini na wanane, tumebaki kumi na mmoja, nami ndiye katibu wa darasa, ambaye kila Desemba hukusanya habari za wenzangu, nani kapata mjukuu, nani kavunjika nyonga, nani katangulia, nikazichapa katika waraka na kuwatumia wote. Miaka mitatu iliyopita Rodel, kifunguamimba wa mwenzetu Leonila, aliyekuwa fundi wa mitambo melini, alifariki mtambo ulipolipuka baharini, na mwili wake haukuonekana. Leonila alikuwa amelazwa kwa maradhi ya moyo, na binti yake Marivic akanijia nyumbani, akaniambia, "Shangazi, mama akisikia atakufa. Wewe andika tu kwamba Kaka ameongeza mkataba."

Nikaandika. Mwaka wa pili nikampandisha cheo, maana watu wangeshangaa mbona harudi, na mwaka wa tatu nikampandisha tena, nikamfanya mhandisi mkuu, na darasa lilipokutana, mwenzetu Crispulo, ambaye hajaacha utani tangu ujana wetu, akamwambia Leonila mbele ya wote, "Mama wa mhandisi mkuu mzima, bado unatulisha tambi? Mwambie mwanao atuletee nguruwe wa kuchoma." Leonila akacheka. "Akija mtakula mpaka mshindwe kusimama." Mimi nikainuka kukusanya sahani.

Marivic humwambia kwamba meli iko mahali pasipo na mtandao, na Leonila haulizi zaidi. Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tulipokwenda makaburini aliwasha mshumaa wa mumewe na wa wazazi wake, kisha akawasha mmoja zaidi, akauweka chini kando. Nilipomwuliza ni wa nani, alijibu, "Wa asiye na kaburi," nami nikaona ni ile desturi yetu ya kuwakumbuka waliosahauliwa.

Sasa ana kidonda cha kisukari mguuni, nyama imeoza, daktari anasema mguu ukatwe ndani ya wiki moja la sivyo sumu itamwua, naye anakataa kutia sahihi. Nilikwenda kumwona Jumanne.

"Leoni, tia sahihi."

"Atatia Rodel. Yeye ndiye mkubwa."

"Rodel yuko mbali."

"Basi nitamngoja," akasema, akanitazama mpaka nikageukia dirishani.

Marivic ananisihi niandike barua moja ya mwisho, kana kwamba Rodel ameridhia mama akatwe. "Wewe ni mwalimu, Shangazi, unajua kuandika. Mimi atanishtukia." Nikiiandika, huenda akapona, nikisema kweli, huenda moyo wake ukasimama pale pale kitandani.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Natividad, Jaro

Mwalimu Natividad,

Pole. Jibu hili nimekutumia kwa mkono. Gazetini litatoka baadaye, kwa majina mengine.

Isome tena barua yako kama ulivyokuwa ukisoma za wanafunzi wako. Mama ambaye mwanawe hajapiga simu miaka mitatu haulizi mtandao utarudi lini. Anawasha mshumaa wa asiye na kaburi. Anakutazama mpaka unageuka. Nionavyo, Leonila anajua, au anajua nusu, na amekataa kisu kwa sababu hana njia nyingine ya kuwalazimisha mseme. Mnajidanganya kwamba mlimlinda. Mlimnyima zile siku tisa za sala za kumwombea marehemu, mkamnyima mwaka wake wa kuvaa nyeusi, mkamwacha acheke mzaha wa nguruwe.

Na kama nimekosea, na hajui? Barua hiyo bado usiiandike. Ataamka bila mguu, atamwita mwanawe aje amwone. Hapo utamwandikia nini?

Kesho asubuhi mwarifu daktari kwanza, awe karibu kwa ajili ya moyo. Ingia na Marivic. Yeye ndiye aseme, kwa maneno machache: Rodel alikufa, lini na wapi. Kisha wewe uungame habari ya waraka kwa kinywa chako, wala usimtupie binti lawama. Mguu msiutaje mpaka autaje yeye. Akiwafukuza, kaeni nje ya mlango. Siku tisa za sala zianze hapo hapo hospitalini. Na Desemba uliandike jina la Rodel miongoni mwa waliotangulia, kwa cheo alichokufa nacho.

Huenda akafa, Mwalimu. Huenda akafa kwa kusikia, na huenda akafa kwa kungoja. Ila kwa kungoja atakufa peke yake, ninyi mkiwa mmemzunguka.

Unasema utaniandikia ukishaamua. Barua yako imetumia siku mbili kati ya zile saba. Niandikie ukishatoka chumbani mwake.