Miwani Yangu na Masikio ya Synne

Mume wangu Torgeir, baba Synne,

Nimewahi kazini. Supu ya samaki iko kwenye friji. Synne avae soksi za sufu, nje kuna barafu. Lurv msimpe jibini ya kahawia. Mbwa huyo akisikia tu droo ya visu vya kukatia jibini inafunguliwa, mate yanadondoka sakafuni.

Mnamcheka, eh? Asubuhi hii wewe ukiwa umelala, nilivua miwani niifute mvuke wa kahawa. Sijafungua hata mdomo, Synne akaziba masikio.

"Vipi, mwanangu?"

"Si unataka kufoka, mama?"

Ni kweli, kila nikitaka kufoka huwa navua miwani kwanza. Mtoto ameshajifunza, kama Lurv na droo yake. Nililia bafuni, kama hukusikia.

Lakini na mimi nimefundishwa, bwana. Nikikuomba kwa upole mara tatu uoshe kikaango, husikii. Nikifoka mara moja, unaosha huku unapiga mluzi. Basi nikaona dawa ni kufoka.

Kuanzia leo naomba mara moja tu: osha kikaango. ~~Nikikikuta kichafu mtanitambua!~~ Hapana, nimefuta hiyo. Nikikikuta kichafu sitasema neno, na pankeki mnazozipenda hazipikwi.

Na kila jioni nitavua miwani mbele ya Synne, nimbusu, niivae tena. Hata ikichukua mwezi mzima, mpaka siku mikono yake itakapobaki chini.

Mama