Kitabu cha Kaka Hamisi

Jumanne, Silver Spring

Sifuri. Maswali kumi ya kalkulasi nimeyafanya yote, na majibu ni sahihi, mhadhiri mwenyewe kakiri. Ila siyo maswali aliyotoa. Kitabu changu ni toleo la zamani, kanipa kaka Hamisi, na hilo jipya wamebadilisha namba za maswali tu. Hesabu ni zilezile.

"Nunua jipya," mhadhiri kanijibu nilipomweleza, wala hakuniangalia.

Kaka alikisoma kitabu hiki akilinda lango la hospitali usiku, mpaka akapata shahada. Pembeni mwa kurasa kaandika maelezo yake kwa Kiswahili. Yameniokoa mara ngapi.

Jioni kapiga simu. "Kitabu kinakusaidia, mdogo wangu?"

Nikamwambia, "Sana, kaka." Nimeichukia hata sauti yangu.