Nguo ya Kompyuta

Mama,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, nimekula, na paa la duka limezibwa. Sasa keti nikueleze vile kompyuta ilitaka kuniua.

Unakumbuka ilipoletwa hapa Ruring'u, ukaizungushia utepe kama mtoto anayepimwa yunifomu? Ulikuwa umeshavika redio, televisheni, hata mtungi wa gesi. Ukasema haitapokea wageni uchi. Ukaifumia nguo nyeupe ya maua, vifungo ubavuni ili ifunguliwe bila kuvuliwa, na mgongoni ukaacha tobo la kila waya. Nilicheka mpaka ukaninunia.

Basi mwezi huu nikanunua kadi mpya ya picha, kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini, maana watu wa kadi za harusi wanataka rangi zinazong'aa. Nikafungua vifungo, nikaitia kupitia ubavuni, nikaifunga nguo yake, nikawasha. Feni inanguruma, lakini skrini nyeusi tititi.

Na picha yako ilikuwa humo ndani. Ile ya sokoni Chaka, unacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Ya karatasi iliharibiwa na mvua, na Jumapili ilikuwa misa ya kukukumbuka. Jamaa wote walingoja niichape kwenye kijitabu cha ibada. Niliogopa, Mama. Nilihisi ninakuzika mara ya pili.

Nikachomoa kadi, nikaipangusa, nikairudisha. Wapi! Nikaazima skrini ya jirani, nikapitisha waya wake kwenye tobo lilelile. Wapi! Fundi wa Majengo, bila kuinuka kitini, akaniambia kadi imekufa. Dada yako, Tata Wangeci, akaiwekea mashine mkono, akaiombea, kisha akanigeukia.

"Mama yako amekasirika. Ulibadilisha vitu bila kumwambia."

Na mimi uliyenisomesha nikaomba msamaha kwa sauti, mbele ya mteja. Mteja akakumbuka ana haraka.

Ijumaa nikaivua ile nguo niifue, maana hungekubali wageni wakute kitambaa kichafu. Ndipo nikauona mgongo wa mashine. Kadi mpya ina soketi yake ya skrini, na ilikuwa imefunikwa na lile ua lako kubwa kuliko yote. Waya ulikuwa bado kwenye soketi ya zamani, mahali ulipouachia tobo, na hiyo haitoi picha tena kadi mpya ikishaingia. Nikauhamisha. Skrini ikawaka, na wewe huyo, unanicheka. Nililia, halafu nikacheka kabla sijamaliza kulia. Tata anasema ni maombi yake.

Jumapili baada ya misa kila mtu alienda nyumbani na picha yako, Mama.

Nguo sikuikata. Nimelifumua ua lile, na kwa uzi wake ninafuma ukingo wa tobo la pili. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikiitoroka sindano yako. Tata ananifundisha. Ukingo wangu umepinda vibaya sana, ungeniambia nifumue nianze upya.

Basi nimefumua, naanza upya. Lala salama. Nakuahidi haitapokea wageni uchi.

Wanjiru wako