Mkono Aliompa Mtu wa Kampala

Buzuruga, Mwanza

Kwa kaka yangu mpendwa Mafuru,

Shikamoo kaka. Naamini barua hii itakukuta umeketi vizuri na ule mguu umeacha kukusumbua. Wifi hajambo? Na mihogo, mmevuna au ngedere wamewatangulia tena? Sisi huku tunapumua. Biashara yangu ya chakula hapa stendi inakwenda, na wali wangu hakuna anayeufikia. Mama ntilie wenzangu wanajua, ingawa hawasemi.

Nakuandikia habari za mpwa wako Magesa. Tangu kiwanda cha pamba kiuzwe na yeye kupunguzwa kazini, unajua alivyokuwa amekaa tu. Basi kwenye kibanda cha video akaona mkanda wa watu wanaopigana ndani ya wavu: ngumi, mateke na mieleka, yote kwa pamoja. Akaja nyumbani akasema, "Mama, mieleka ya mjomba ninayo tayari. Yaliyobaki nitajifunza." Na akajifunza, kaka. Ngumi kwa mabondia wa mjini, mateke kwa mwalimu mmoja wa karate kule Nyegezi. Kisha akaazima ghala tupu la ushirika, akatandika magunia ya maranda, vijana wakaanza kumiminika. Mwalimu wa kwanza wa mchezo huo Mwanza nzima ni mtoto niliyemzaa mimi, na hilo nimewaambia watu wote wa stendi, wanaotaka kusikia na wasiotaka.

Shida ni kwamba mchezo wenyewe haukuwa na mwenyewe. Watu wa ngumi walisema si ngumi, wa karate wakasema ni uhuni. Afisa michezo akamuuliza, "Sasa wewe nikuandikie kibali cha nini?" Wateja wangu ndio waliupa jina, wakauita pilau.

"Mama Magesa, lile pilau la mwanao linaiva lini?"

"Likiiva, wewe nitakupa ukoko," nawajibu.

Halafu wakaja wageni kutoka Kampala, wamevuka ziwa kwa meli. Mwalimu wao alisema Magesa akimshinda kijana wao, watamchukua akasomee kufundisha, arudi na cheti. Afisa michezo naye akasema mwenye cheti atapata kibali. Kaka, siku hiyo sikupika. Nilivaa kile kitenge ulichoniletea, nikakaa mbele kabisa.

Magesa alimsumbua yule kijana tangu mwanzo. Akamwingia chini ya kwapa kama unavyoingia wewe, akamkamata kiuno, akamzungusha, akamtupa chali, pu. Mgongo wote ukalala kwenye magunia. Sisi wa kwetu tukasimama, nikapiga vigelegele, maana kwetu mgongo ukigusa chini mambo yamekwisha. Kumbe mchezo huu ndiyo kwanza unaanzia hapo. Ukimwangusha mtu unamlalia, unampiga mpaka asalimu amri. Magesa anajua, ndivyo anavyowafundisha vijana wake kila jioni. Ila siku ile alisimama, akainama, akampa yule mtu mkono ainuke, vile vile ulivyomlea pale ufukweni kwako ulipomfundisha mieleka, kwamba uliyemwangusha unamwinua.

Yule mtu aliupokea mkono, akainuka nao, akampiga teke la kichwa. Mwanangu akaanguka, hakuzinduka mpaka tulipommwagia maji.

Watu walicheka, kaka. Ghala zima. Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu alidhani yuko kanisani, wakati wa kupeana amani." Nilitaka kumgeukia nimpe lake, nikashindwa. Macho yalikuwa yamejaa.

Mwalimu wa Kampala hakucheka. Alimwambia, "Nguvu unazo. Tabia hiyo ndiyo siwezi kusafiri nayo. Tutarudi baada ya masika, na ukiwa umeiacha tutakuchukua."

Mimi nilimuuliza Magesa ilikuwaje. Akasema, "Mama, sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe." Tangu hapo hafundishi. Vijana wanakuta ghala limefungwa, wanarudi makwao, na pale stendi hakuna tena anayeniuliza habari za pilau. Wanakula kimya, wananionea huruma, nami huruma ya wateja siiwezi.

Sasa anakuja huko kwako wiki ijayo. Anasema wewe uliyemfundisha ndiye wa kumbadilisha. Anataka ushindane naye tena na tena, mpaka azoee kumlaza mtu asimwinue.

Nisalimie wifi na watoto, na mama mkwe wako. Nisalimie katekista aliyembatiza Magesa, na shangazi yetu wa Ukerewe akifika.

Kaka, nilipokaa kuandika nilitaka kukuomba umkatalie. Sikumzaa mtu wa kumpiga aliyelala, na inaniuma kwamba kitu kizuri ulichomfundisha ndicho kilichomwangusha. Lakini kiwanda hakitamrudisha kazini, na sijamwona akifurahia kitu kama alivyolifurahia lile ghala. Mfundishe. Ila usimfundishie pale ufukweni. Mpeleke nyuma ya miamba, watoto wa hapo wanaojifunza mieleka wasije wakamwona.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Tabitha, mama yake Magesa