Rangi Iliyokuwa Chini ya Utando

Dagoretti Corner,
Nairobi.

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, wewe pamoja na Mama. Je, kifua kinakuacha ulale siku hizi? Mama aliniambia kwamba mvua imeanza huko Webuye, na kwamba umeshaonekana shambani na jembe ijapokuwa daktari alikuagiza upumzike. Nilicheka, maana ningeshangaa kama ungemsikiliza. Mimi huku sijambo. Baridi ya Nairobi imenishika pua lakini haijanilaza kitandani, na Mungu ameendelea kunipa kazi na nguvu ya kuifanya. Kaka Isaiah anasafiri kesho kuja nyumbani, nami nimeona nimkabidhi barua hii, kwa sababu ninayotaka kukueleza ni marefu na ningependa uyasome ukiwa umeketi.

Unakumbuka mwaka jana ulipokuja kliniki kule Upper Hill, ukakaa kwangu. Nilikuomba uje uone ninapofanya kazi, ukakataa kwa upole. Ulisema rangi inayohitaji kufunikwa na nailoni ni rangi ya fundi asiyejiamini. Ningebishanaje na mtu aliyepaka magari Kisumu tangu ujana wake hadi kifua kilipomwachisha? Lakini naona sijawahi kukueleza kazi yenyewe vizuri, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Tunachofunikia magari si nailoni ya dukani. Ni utando angavu, mzito kidogo kuliko jalada la daftari, unaonyumbuka kama ngozi. Gari likipigwa na kokoto barabarani, utando ndio unaoumia na rangi inabaki salama. Tunaliosha gari hadi linakuwa safi kuliko sahani, tunalilowesha kwa maji ya sabuni, tunautandaza utando juu yake, kisha tunayasukuma maji kwa kipande cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukielezwa hivyo utadhani ni kazi rahisi. Ugumu uko kwenye kona za bampa, pale utando unapokataa kulala ukajikunja vidole vidole. Ukiuvuta kupita kiasi, unaacha michirizi isiyotoka. Ukiuvuta kidogo mno, baada ya siku chache ukingo unainuka na kuanza kukusanya uchafu kama ukucha.

Aliyenifundisha haya yote ni mwenye karakana, Mama Peres, mtu wa Siaya. Baba, ungempenda. Kabla ya magari alikuwa fundi cherehani wa nguo za harusi, na mpaka leo husema kwamba bampa ni bega la mtu mnene, usilikimbilie na mkasi. Povu la maji likibaki chini ya utando, atakuambia uliache, jua litalikausha. Povu la hewa hulitoboa kwa sindano nyembamba kabisa na kulikanda kwa kidole mpaka lishuke, nawe ukitafuta tundu hulioni. Lakini unywele, au chembe ya mchanga, hapo hana msamaha. Kuna siku tulikuwa tumemaliza boneti ya gari la wakili mmoja. Mama Peres akapita na taa, akaona unywele karibu na kioo, mahali ambapo mwenye gari asingetazama maisha yake yote. Aliubandua utando wote tukaanza upya. Kitheka, mwenzangu kazini, alinung'unika kwamba hakuna ambaye angeuona. Mama Peres akamjibu, “Mimi nimeshauona, sasa nitalala vipi?”

Basi, si muda mrefu uliopita ililetwa kwetu Mercedes ya zamani, mali ya mzee wa Kitisuru aitwaye Navnit. Binti yake Ekta alikuwa anaolewa, na mzee alitaka kumpeleka harusini kwa gari hilo, akiendesha mwenyewe. Tatizo lilikuwa utando wake. Uliwekwa na watu wengine zamani na sasa ulikuwa umekufa. Ulikuwa wa manjano kama meno ya mvuta sigara, umepasukapasuka boneti nzima, na kingo zake zimeinuka pande zote. Rangi ya chini ilijulikana tu kuwa ni buluu. Mzee aliomba tuuondoe tumwekee mpya.

Mama Peres alichukua kile kidude chetu cha kupimia unene wa rangi, akapima boneti, akapima milango. Kisha akamwambia mzee ukweli mbele yetu sote. Alisema gari hilo limewahi kupakwa upya, kwamba rangi ya gereji mara nyingi hung'oka pamoja na utando, na kwamba huenda akalichukua likiwa na mabaka kama mbwa mwenye ukurutu, harusi nayo ikiwa imekaribia. Wapo wenye karakana ambao wangenyamaza, halafu wamlaumu mwenye gari baadaye. Mzee Navnit aliweka mkono juu ya paa, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, “Wewe toa tu, mama. Aliyepaka hii rangi namjua.” Kisha akaenda zake.

Kazi ya boneti Mama Peres alinipa mimi. Alisema mkono wangu hauna haraka. Nilitaka kumwambia ampe Kitheka, lakini alikuwa ameshageuka.

Kitheka alishika mashine ya hewa ya moto, nami nikaanza kwenye kona ya kushoto. Utando wa namna hiyo hauvutwi kwenda juu. Unauvuta ukiwa umelala karibu na bati, polepole, huku joto likitangulia, na unasikiliza. Gundi ikiachia vizuri inanong'ona. Rangi iking'oka inatoa mlio mkavu, kama kuni inayovunjika, na ukishausikia umechelewa. Ule utando ulikuwa mkavu hivi kwamba ulikatikakatika mikononi mwangu vipande vidogo. Nilifika katikati jasho likiniingia machoni. Hapo ukakwama. Nilivuta, nikaona kitu kinainuka pamoja nao, cheusi cheusi. Nikamwambia Kitheka asimamishe moto. Alichungulia, akasema, “Nanjala, tumeiharibu.” Mama Peres alikuja, akainama, akapapasa pale kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta mshono. Akasema ni gundi iliyooza. Akaniambia niendelee.

Niliendelea. Hakuna rangi iliyong'oka, Baba. Hata punje. Tulipomaliza kufuta gundi kwa dawa na kitambaa, boneti ilibaki wazi. Ilikuwa buluu iliyokolea, yenye kina, kama maji ya kisima unapoinama kuyatazama. Nilijiona uso mzima, mpaka nyusi. Kitheka ambaye hasifu kitu aliita watu wa duka la matairi la jirani waje waone. Mama Peres alizunguka gari na taa yake akitafuta kasoro, akazunguka tena, kisha akaizima taa na kusema kwamba amefanya kazi hii muda mrefu na hajaona mkono kama huo. Alisema aliyepaka hivi hakuwa akipaka gari la mtu, alikuwa akipaka jina lake.

Mzee Navnit alipokuja kuangalia, alicheka kwa furaha, kisha akatusimulia. Gari lilikuwa la baba yake, na lilipakwa Kisumu enzi familia yao ilipokuwa na duka la vitambaa huko, kabla hawajahamia Nairobi. Alisema fundi wao alikuwa kijana Mbukusu mwembamba, mkaidi kupita punda. Alikuwa akimwaga maji sakafuni ili vumbi lisiruke, na kuwafukuza watu wote, hata mwenye gari, halafu akipuliza rangi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Upepo ukibadilika kutoka ziwani, aliweka vyombo chini akaenda kunywa chai. Siku ya kulichukua gari, baba yake Navnit alifika na familia nzima wamevaa vizuri, wakamkuta fundi amekwangua kwa msasa rangi yote ya buti ya nyuma. Hakueleza kwa nini. Aliwaambia tu warudi wiki inayofuata. Mzee alisema baba yake alikasirika siku hiyo, kisha akalisifu gari hilo hadi alipokufa.

Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikajikuta nimekaa juu ya ndoo. Nilimwuliza fundi huyo aliitwa nani, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshajibu tangu aliposema nyimbo, maana nimezisikia kwako tangu utotoni. Akasema, “Wesonga. Sisi tuliita yeye Wesonga Kesho-Kutwa.”

Baba, ni wewe. Nimeugusa mkono wako kwenye ile boneti bila kujua.

Nilimwambia kwamba mimi ni binti yako. Alinishika mikono yote miwili, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ungali hai. Nilipomwambia ndiyo, mzee yule alitoa leso akajifuta macho mbele ya mafundi wote. Anauliza bado, baada ya miaka hii yote, ile buti ilikuwa na kosa gani. Nimemwambia hilo utamjibu wewe.

Tuliweka utando mpya. Kona za bampa alifanya Mama Peres mwenyewe, na povu moja la hewa karibu na taa ya kulia nililitoboa mimi. Ekta akaenda harusini kwa gari hilo, tukaalikwa, tukala hadi tukashindwa kusimama. Lakini waliporudi nyumbani Kitisuru, lango la chuma lilijifunga na upepo likaupiga mlango wa nyuma, likapasua utando na rangi hadi bati. Mlango huo unahitaji kupakwa upya, na Mzee Navnit amekataa mtu yeyote auguse. Amesema gari litakaa chini ya turubai mpaka Wesonga atakapokuja kuchanganya rangi.

Sasa ndipo nifikapo kwenye jambo lililonifanya niandike. Nimewaambia utakuja. Sikukuuliza, nimejibu kwa mdomo wako, na najua hilo si adabu. Tena kuna la zaidi. Nilipokuwa msichana nilikuomba unifundishe kupaka rangi, ukasema hutaki mtoto wako avute sumu uliyovuta wewe ukiwa umefunga kitambaa puani tu. Nilidhani hukuniamini kwa kuwa mimi ni msichana. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba usiku ule hukulala. Sikulaumu, Baba. Lakini siku hizi kuna barakoa zenye chujio na chumba chenye mashine ya kuvuta hewa. Mama Peres anamjua mwenye chumba kama hicho hapa karibu, na ameshamwomba nafasi. Bomba la kupulizia nitashika mimi. Wewe utakaa nje, upande usio na harufu, uchanganye rangi kwa macho yako na uniambie nimekosea wapi. Nimeona kazi yako kwa karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kuiona, na nimetamani kuijua. Sitaki mkono ule uishie Webuye kwenye jembe.

Mama Peres anakusalimu sana, na anasema chumba cha wageni kwake kiko tayari kama kwangu ni padogo. Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyonitumia inanitosha. Wasalimie pia majirani na watu wa kanisani. Nitapiga simu Jumapili jioni. Najua desturi yako, ukishaniuliza kama nimekula unampa Mama simu. Jumapili hii usimpe kwanza. Niambie tu utapanda gari lini.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Nanjala Wesonga