Mufungo wa Siku Tatu

Kafutuma, tarehe 3 mwezi wa tano 2024

Yaya Mathilde,

Jambo sana. Uko namna gani, na batoto, na ule muguu wako wenye kuvimba? Sisi huku Zambia tuko, Mungu anatulinda. Muke yangu Deborah anakusalimia. Naandika juu telefone yako haipite tangu ilianguka mu maji. Ruffin wa boti ya samaki atakuvushia hii barua mu ziwa, mpaka kule Kongo.

Yaya, niseme mbio mbio kabla haya haijanishika. Pombe inanimaliza. Asubuhi mikono inatetemeka, siwezi kushona gunia la chisense, bale basamaki badogo, pale soko ya Kashikishi, sindano inaingia mu kidole. Nikikunywa kopo moja ya kachasu, mikono inatulia, nashona. Basi nakunywa asubuhi, nakunywa mchana, nakunywa mangaribi, miaka kumi na moja sasa. Chakula natapika. Miguu inachoma sawa nimekanyaga pilipili. Juzi Deborah aliniambia hana hasira tena, amechoka tu. Hiyo iliniumiza kuliko matusi yote.

Nataka kuacha. Wewe njo ulinilea kisha mama kufa. Uniambie nifanye nini, nitafanya.

Mudogo wako,
Hippolyte


Kilwa, tarehe 8 mwezi wa tano

Mudogo yangu Hippolyte,

Salamu nyingi mu jina la Yesu. Muguu umepoa kidogo, usiuhangaikie, hangaikia tumbo yako. Nilisoma barua yako nikalia, nikacheka, nikapiga magoti. Miaka kumi na moja nangoja hayo maneno!

Sasa sikiliza, na usinibishie. Vendredi, tarehe 10, unaanza kufunga, kufunga kukavu: siku tatu bila chakula, bila maji, na pombe hata tone moja hapana. Ukisema "nitapunguza pole pole", huyo ni shetani anakufundisha hesabu. Sisi bamama wa maombi tutafunga pamoja na wewe. Mikono ikitetemeka, usiogope wala usikimbilie dawa. Ni ile roho ya pombe inatafuta mulango ya kutoka. Ukimaliza siku tatu, umeshinda.

Nakupenda, mujinga wangu.

Yaya yako,
Mathilde


Kilwa, tarehe 24 mwezi wa tano

Hippolyte, mudogo yangu,

Uko? Nauliza tu hivyo, salamu ingine sina. Ruffin amevuka mara mbili. Anasema meza yako pale soko iko bure na nyumba imefungwa. Jirani alimuambia neno moja: balimubeba. Kubebwa wapi? Na nani?

Kama ulirudia pombe, sitakasirika. Kama uko na hasira na mimi, nitukane, lakini andika.

Yaya yako


Kafutuma, tarehe 2 mwezi wa sita

Yaya mupenzi,

Niko. Aksanti Mungu, niko. Natumaini na wewe uko muzima, na batoto bako wazuri. Unisamehe kunyamaza, nilikuwa fasi ambako sikuweza kushika kalamu.

Nilifunga sawa ulivyosema. Siku ya kwanza jasho ililowanisha shuka yote, moyo unapiga mbio. Siku ya pili niliona siafu zinatembea juu ya mikono yangu, nikawa nazipangusa. Deborah anasema hakukuwa hata moja. Nilizungumza na mama, yaya, sawa amekaa pale. Siku ya tatu nilianguka karibu na moto, mwili wote ukakakamaa, nikauma ulimi, nikajikojolea. Bandugu wa kanisa balianza kukemea pepo. Deborah akabaambia: "Kemeeni huku tunatembea!" Balinifunga nyuma ya baiskeli, bawili banashika, bengine banaimba, mpaka kituo cha afya.

Pale iko muuguzi moja, mama Mwiche, Mubemba. Hakutucheka, hakutugombeza. Aliniwekea serum, yale maji ya kupitisha mu mushipa, akanipiga sindano za vitamini, akanipa dawa ya kutuliza mwili. Kisha gari ikanipeleka hospitali kubwa, siku tisa. Mama Mwiche alituelezea: mwili wenye kuzoea pombe miaka mingi, ukiunyima mara moja, unapagawa, na mutu anaweza kufa. Kule kutetemeka kwa asubuhi njo kulikuwa alama. Mutu wa vile aende kwanza kwa docta. Yeye anajua kama utapunguza kidogo kidogo ama utalazwa, na dawa gani, na atakuangalia kila siku. Maombi tuendelee, anasema, hata yeye anaomba. Lakini mugonjwa wa vile asinyimwe maji.

Yaya, hatukujua. Wewe hukujua, mimi sikujua. Usianze kujipiga. Leo ni siku ya ishirini na ine sijaonja. Vidonge vya kutuliza vimeisha, vya vitamini nameza bado, na kila juma narudi Mwiche anipime. Jana nilikula bukari na samaki, Deborah amesimama mulangoni ananiangalia natafuna, akacheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau namna anacheka! Nashukuru Mungu, nashukuru muke yangu, nashukuru yule mama Mwiche. Na wewe nakushukuru, juu ulitaka nipone.

Mudogo wako muzima,
Hippolyte


Kilwa, tarehe 11 mwezi wa sita

Mudogo yangu,

Salamu kwako na kwa wifi Deborah, umushike mikono kwa ajili yangu. Barua yako ilinikuta mardi ya juma lililopita, kwenye maombi. Sikuimaliza. Nilisimama nikakimbia, mama muzima na muguu wake mubaya, batu bananishangaa mu barabara.

Juu tangu jana yake, lundi, Guy, mutoto wa jirani yangu Brigitte, alikuwa anafunga kukavu. Sababu ya pombe. Miaka yake ishirini na sita. Shauri lilikuwa langu. Na nilimuambia: mudogo yangu wa Zambia alifanya hivi, ameshinda. Nilidanganya, Hippo. Habari yako sikuwa nayo hata moja. Niliogopa kuwaza ingine.

Nilimukuta amelala chini, jasho inatiririka, anapangusa kitu kwenye mikono. Nilijua ni nini. Brigitte akasema bado siku moja tu. Nikasema hata dakika moja hapana! Tukamupakiza kwa pikipiki, mimi nyuma namushika. Hospitalini docta akauliza: nani alimuambia huyu kijana aache mara moja, na maji asikunywe? Brigitte hakutaka kunitaja. Nikanyoosha mukono sawa mutoto wa masomo. Nikasema: "Ni mimi, docta. Na yeye ni wa pili."

Guy alitoka jana, anakula. Mama yake anabariki jina langu, nami namukataza, nasema bariki mudogo yangu.

Dimanche nilisimama mbele ya kanisa nikasoma barua yako yote. Unisamehe, hata fasi ya kujikojolea. Kisha ibada bamama batatu balinifuata nje, pole pole, kila moja na jina la mutu wake mudomoni. Kesho asubuhi tunabapeleka bote batatu kwa docta.

Aksanti kwa kupona. Aksanti kwa kuandika.

Yaya yako,
Mathilde