Fundi Aliyepigwa kwa Laptop Yangu

Jumatano, Kabuku. Tangu asubuhi jua ni kali na upepo unaleta vumbi la barabarani mpaka kitandani. Bega langu la kushoto haliinuki. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, kwa sababu laptop yangu iko kituo cha polisi, ina damu ya mtu.

Nataka kuandika sasa, kabla sijaanza kupunguza maneno.

Ilianza kunisumbua wiki kadhaa zilizopita. Nikiifunika nikaenda kupika, nikirudi kuifunua naikuta imeganda: kioo cheusi, taa inawaka, feni inavuma, na hata nibonyeze nini, hakuna kinachojibu. Nakandamiza swichi mpaka izime. Kuwaka tena ni kubembelezana. Inaonyesha nembo, inazunguka weee, inazima yenyewe, naanza upya. Na mimi kazi yangu ni kuchapa mitihani ya majaribio ya shule za msingi za huku kwetu. Mwalimu anataka karatasi zake asubuhi, hataki habari za feni.

Nikaipeleka kwa Saning'o, kijana wa Kimasai mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale barabarani, jirani na wachonga vitanda. Aliifungua mbele yangu, akaisafisha, akabadilisha mipangilio. Ikawa afadhali. Lakini hakunidanganya.

"Dada Mwanaisha, huu ugonjwa sijaumaliza," alisema. "Nahisi ni diski, ila sina uhakika. Nimeagiza nyingine Dar tujaribu. Kwa sasa usiifunike ikiwa inawaka. Ukimaliza kazi, izime kabisa."

Nyumbani niliwaambia wote, yaani mama na kaka yangu Mhina, wasiifunike. Kaka ni mkulima, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenye sauti humu ndani.

Juzi jioni aliiazima aangalie mpira. Jana asubuhi nikaikuta imefunikwa. Kuifunua, kioo cheusi, feni inavuma. Nilikandamiza swichi, nikajaribu tena na tena. Safari hii hata nembo haikuja.

Nikamuuliza, "Kaka, uliifunika?"

Akasema hakuifunika. Mama alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho. Basi kaka akaanza kupandisha hasira: yule fundi ameiba diski nzima akaweka mbovu, ndiyo maana anajifanya kuagiza nyingine. Nilimwambia diski ni ileile, nilikuwepo alipofungua. Hakunisikia. Mhina akishakosa, hasira yake humtafuta mtu mwingine wa kubeba.

Nilikwenda kuoga nikidhani yameisha. Nilipotoka, laptop haikuwepo mezani, na yeye hakuwepo.

Nilijifunga kanga juu ya nguo mbichi, nikakimbia.

Acha nikiri jambo. Njiani nilimwomba Mungu Saning'o awe mwizi kweli. Niliona heri fundi awe mwizi kuliko kaka yangu awe kile alichokuwa anakwenda kuwa.

Kelele nilizisikia kabla sijafika. Neno "mwizi" likishatamkwa pale barabarani hakuna anayeuliza ushahidi. Bodaboda wanaacha pikipiki, wapakiaji wanaacha magunia. Nilipopenya katikati, kaka alikuwa ameishika laptop kwa mikono miwili, imefungwa, anampiga nayo Saning'o usoni kwa pembe. Si mara moja. Saning'o alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umekinga jicho, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mhina, nisikilize. Mhina, nisikilize." Mfuniko ulikatika. Vipande vya plastiki vikabaki vimechoma shavuni mwake, na kaka akaendelea na kilichobaki.

Mtu mmoja akadakia kwamba ng'ombe wa Wamasai wanamaliza mahindi yetu shambani, sasa wameingia na madukani. Saning'o hana ng'ombe hata mmoja. Alisoma na sisi shule moja, alikaa dawati la mbele yangu.

Maneno yale yakawafungulia wengine. Mbao zikatoka kwa wachonga vitanda. Alianguka kifudifudi, nikaona kiatu kikishuka juu ya vidole vya mkono wake wa kulia. Aliyekanyaga simjui. Nilivisikia vikivunjika.

Nyuma yangu mtu akauliza petroli iko wapi. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza chumvi.

Nikamlalia Saning'o.

Sikufikiri. Nilijitupa juu ya mgongo wake, nikakishika kichwa chake chini ya kifua changu. Mbao iliyokuwa inakuja kwake ikatua begani kwangu. Nilimsikia kaka akiniita jina langu, halafu nikamsikia akisema, "Mtoeni huyo." Hakusema waache. Alisema nitolewe mimi.

Aliyetuokoa ni Mama Hadija, muuza chai na uji wa pale. Alikuja na sufuria lake la uji likitoa mvuke, akasimama kando ya miguu yangu. "Atakayesogea namwagia," alisema. "Na wewe Mhina nakuanza, nilikushika siku unazaliwa." Mmoja alisogea. Akammwagia miguuni. Yule mtu alilia, wengine wakarudi nyuma, na wakati wanatazamana polisi wakafika. Kaka hakukimbia. Alikaa chini kwenye vumbi, akaomba maji.

Nilipanda gari na Saning'o mpaka hospitali Korogwe. Alilalia mapaja yangu. Kanga yangu ilikuwa nyepesi, ikawa nzito kwa damu. Baada ya kumshona na kumfunga mkono, aliponiona mlangoni akajaribu kusema. Midomo ilikuwa imevimba, ikabidi niiname.

"Uliifunika?"

"Kaka ndiye aliyeifunika."

Akafumba jicho lililobaki zima. Jingine daktari hajui kama litaona.

Nilirudi Kabuku jioni. Mama alikuwa bado jikoni, mchicha ule ule umenyauka kwenye ungo. Alinikanda bega kwa maji ya moto. Kisha akasema.

"Kesho ukienda kuandikisha maelezo, sema ulikuta watu wengi. Sema hukuona nani kaanza."

"Mama, nilimwona."

"Najua ulimwona. Ndiyo maana nakuomba."

Akaendelea kukanda, akasema polepole kwamba hata yeye alimwona kaka akiifunika laptop, akanyamaza, kwa sababu katika nyumba hii tumezoea kunyamaza Mhina akipandisha. Machozi yake yalinidondokea mgongoni. Nampenda kaka yangu. Alinibeba mgongoni nikiwa na malaria, akaenda nami kwa mguu mpaka zahanati. Mikono ile ile.

Leo asubuhi nimekwenda kituoni. Nimesema yote, tangu mpira mpaka petroli, na lile la "Mtoeni huyo" pia. Askari aliuliza kama nina hakika, maana ni ndugu yangu. Nikasema nina hakika kwa sababu ni ndugu yangu; sauti yake naijua.

Nilipokuwa natoka, kaka aliniita kutoka mahabusu.

"Mdogo wangu, umewaambia nini?"

"Nimewaambia ulivyofanya."

Halafu akaniuliza kama bega linauma. Nikasema linauma. Nikaondoka haraka, kwa sababu angeuliza tena ningerudi ndani kufuta kila kitu.

Mama hajaniongelesha tangu nirudi. Ameniwekea chakula, amekifunika kwa sahani, ameingia chumbani kwake.

Kesho asubuhi nitachemsha chai, nimpelekee kaka kituoni. Akiikataa nitaiacha kaunta. Kisha nitapanda gari la Korogwe kwenda kukaa na Saning'o. Sina la kumwambia yeyote kati yao. Nitakwenda hivyo hivyo.